Kurudi Tanga na Watoto kwa Wikiendi Moja: Mwongozo kwa Aliyehama Miaka Mingi

Likizo za shule zikikaribia, simu zinaanza. Mtu amezaliwa Ngamiani au Chumbageni, akahamia Dar es Salaam kwa kazi, akaoa au akaolewa huko, na sasa ana watoto ambao Tanga wanaijua kwa jina tu. Anataka kuwapeleka. Ana Ijumaa hadi Jumapili, basi. Maswali ni yale yale: tulale wapi, tuanzie kwa nani, tubebe nini, na je, muda huo unatosha?

Unatosha, ukikubali tangu nyumbani kwamba safari hii ni ya watu. Mji utauona ukiwa unatoka nyumba moja kwenda nyingine. Familia zinazorudi Dar zimechoka na kununiana ni zile zilizotaka kwenda Amboni, Tongoni, Pangani na kwa ndugu wote ndani ya siku mbili.

Nimeandika kwa anayetoka Dar. Ukitoka Moshi au Arusha, hatua ya tatu badilisha, zilizobaki ni zako pia.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mwenyeji mmoja aliyebaki Tanga, anayepokea simu na anayejua habari za ukoo.
- Orodha ya nyumba za kupita, imeandikwa, si ya kichwani.
- Zawadi zilizofungwa kwa kila nyumba: sukari, majani ya chai, mchele, sabuni. Kwa bibi au shangazi ongeza doti ya kanga. Kwa babu, msuli au kikoi.
- Fedha taslimu za noti ndogo: elfu mbili, elfu tano, elfu kumi. Hizi ni za kumpa mtu mkononi wakati wa kuaga. Ziweke mbali na fedha za mafuta na malazi, la sivyo utajikuta Jumapili huna ya kurudia.
- Picha za zamani za karatasi. Kama zako ziko kwenye simu, zisafishe dukani. Mzee mwenye macho hafifu hataona kitu kwenye kioo cha simu, lakini picha ataishika, ataigeuza, atakwenda nayo dirishani.
- Kanga mbili za akiba kwenye begi, kwa mama na kwa binti. Ngamiani utaingia nyumba za watu na pengine makaburini.
- Dawa ya kupaka ya mbu, na dawa za kila siku za anayezitumia.

Hatua ya 1. Mpigie mwenyeji wako wiki mbili kabla

Muulize mambo matano. Nani amefariki tangu ulipokuja mara ya mwisho? Nani mgonjwa? Nani amehama mtaa? Nani amejifungua au ameozesha? Na nani hawasemezani?

Hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza, nalo ndilo la maana kupita yote. Ukimpakia mjomba kwenye gari moja na ndugu yake ambaye wamegombana, safari nzima imeharibika na wewe hujui hata kosa lako.

Usitangaze safari kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kabla hujapanga. Ukitangaza, kila mmoja atakuandalia chakula cha mchana cha Jumamosi, na mchana wa Jumamosi ni mmoja.

Hatua ya 2. Chagua nyumba na uzipange

Wikiendi moja inabeba nyumba tano, sita zikiwa karibukaribu. Anza na mzee kuliko wote, au mgonjwa. Kisha nyumba zilizofiwa. Kisha aliyekulea kama yupo: jirani aliyekuwa akikupa chakula mama akichelewa sokoni, mwalimu wa madrasa, somo yake mama. Ndugu wa rika lako wawe wa mwisho; hao mnaweza kukutana wote mahali pamoja jioni.

Kwa waliofiwa, peleka ubani hata kama msiba ni wa mwaka juzi. Usiseme "yamepita". Ingia, kaa, toa pole, nyamaza kidogo, wape nafasi ya kukusimulia ilivyokuwa. Kwa mtu aliyehama, hii ndiyo kazi kubwa ya safari, na ndiyo inayosahaulika.

Kosa linalojirudia: kwenda kwanza kwa ndugu mwenye uwezo kwa sababu nyumba yake ina nafasi na watoto wake wanalingana na wako. Bibi atajua ndani ya saa moja kwamba gari lenu limeonekana kwingine.

Hatua ya 3. Panga njia

Dar hadi Tanga ni takriban kilomita 350. Mnatoka kwa Kibaha na Chalinze, mnapinda kulia kuelekea Msata, mnavuka Wami, mnapita Mbwewe, Mkata na Kabuku hadi Segera. Hapo mnaiacha barabara ya Korogwe na Moshi, mnaingia kulia kwa Hale, Muheza na Pongwe. Kwa gari dogo weka saa tano hadi sita pamoja na kusimama.

Kama unaishi Tegeta, Bunju au Mbezi Beach, pita Bagamoyo utokee Msata. Unajiepusha na malori ya Kibaha na Chalinze, na watoto wanaanza safari wakiwa na utulivu.

Waliohama zamani wanalikumbuka daraja la Wami, lile jembamba la gari moja moja chini ya mteremko. Tangu 2022 kuna daraja jipya, pana. Mteremko haujaondoka lakini, na malori bado yanaushuka kwa kasi, kwa hiyo punguza mwendo.

Kwa gari lako: hakikisha tairi la akiba lina upepo, jeki ipo, pembetatu zipo, mtungi wa kuzimia moto haujaisha muda. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakula kama lita 30 kwenda, 30 kurudi, na kumi za mizunguko ya mjini. Vijijini shika kilomita 50 kwa saa kila unapoona kibao. Askari wa tochi wapo, na watoto wa shule wanaovuka wapo pia.

Kwa basi: mabasi yanaondokea Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, si Mbezi Beach. Kata tiketi siku chache kabla, na omba viti vinavyofuatana kwa namba. Usimpe fedha mtu aliyekupokea getini. Nenda dirishani au lipa kwa simu kwa kampuni yenyewe. Tanga mtashuka stendi ya Kange, nje kidogo ya mji, na hapo mtachukua bajaji au daladala.

Onyo: usiendeshe usiku wa Ijumaa baada ya kazi. Umechoka, malori yanasimama barabarani bila taa, na watoto wamelala bila mikanda. Omba ruhusa ya Ijumaa, mtoke saa 12 asubuhi. Kama ruhusa haipatikani, lala, mtoke Jumamosi saa 11 alfajiri, na upunguze nyumba mbili kwenye orodha.

Hatua ya 4. Waandae watoto

Jioni moja kaa nao na karatasi. Chora ukoo: babu na bibi juu, watoto wao chini, na wao wenyewe wako wapi. Waambie nani wamwite shangazi, nani mama mdogo, nani babu ingawa si babu wa kuwazaa. Watoto wa mjini wengi wanasalimia kwa "mambo". Wafundishe "shikamoo" ya kusimama na kutoa mkono, na waijue "marahaba" wakiisikia.

Waambie pia kwamba watashikwa mashavu, wataambiwa wanafanana na marehemu fulani, na watapewa chakula kila nyumba. Wale hata tonge mbili. Mtoto mwenye mzio wa chakula fulani, mwenyeji ajulishwe mapema kwa simu, si mezani.

Mpe kila mtoto kazi. Mkubwa arekodi sauti za wazee kwa simu, baada ya kuomba ruhusa, na awe na maswali matatu tayari: ulizaliwa mtaa gani, ulicheza wapi, baba yangu alikuwa mtoto wa namna gani? Mdogo abebe zawadi na kuzikabidhi. Mtoto mwenye kazi hakuulizi tunaondoka saa ngapi.

Hatua ya 5. Amua mtalala wapi, na uliseme mwenyewe

Ushauri wangu ni gesti au hoteli ndogo, Raskazone au mjini kati, kwa familia ya watu watano na zaidi. Nyumba za wazee zina vyumba vichache, na ukifika na watoto wanne kuna mtu atakayehamia kwenye mkeka bila kukuambia. Lakini usiache bibi alisikie kwa mwingine. Mpigie wewe: "Bibi, tutalala gesti kwa ajili ya watoto, ila chakula cha jioni Ijumaa ni kwako." Asubuhi ya siku hiyo tuma fedha ya kitoweo kwa simu, kwa anayepika, si kwa mwenye nyumba. Akisisitiza mlale kwake, mwachie watoto wawili wakubwa usiku mmoja. Kwa wengi huo ndio usiku watakaoukumbuka.

Ulizia vyandarua kabla ya kulipa chumba.

Hatua ya 6. Ijumaa: mzee kwanza

Mkifika, wekeni mizigo, ogeni, nendeni. Muda mzuri ni baada ya alasiri, wazee wameamka na jua limepungua. Ukifika Ijumaa mchana, subiri watu watoke msikitini.

Kaeni. Usitazame saa. Toa picha moja moja na uulize majina ya waliomo, kisha andika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi: jina, mtaa, mwaka ukijulikana. Kuna majina ambayo yamebaki kwa mtu mmoja tu, na yeye akiondoka hayapatikani tena popote. Naliona hili kila mara, na linaniuma. Kama safari yako itakuwa na kazi moja tu iliyokamilika, iwe hii.

Onyo la pili, na hili ni zito: mirathi, kiwanja, hati ya nyumba, nani anakusanya kodi ya vyumba vya uani, yote yaache. Mtu mwingine akiyaanzisha, sema "hilo tutalikalia kikao, leo nimekuja kusalimia." Mgogoro wa nyumba haumalizwi na mtu anayeondoka kesho kutwa.

Hatua ya 7. Jumamosi asubuhi: tembeeni kwa miguu

Acha gari. Tanga ni tambarare, ndiyo maana mji umejaa baiskeli, na mtoto wa miaka sita anaweza kutembea saa nzima bila kulia. Ngamiani ni rahisi kuelewa: barabara zimepangwa mraba na zinaitwa kwa namba. Mwambie mtoto tumetoka Barabara ya 9, tunakwenda ya 12, yeye ndiye kiongozi.

Kula barabarani, mapema, kabla mbaazi hazijaisha. Mbaazi za nazi kwa maandazi, chai ya tangawizi, kachori ya moto. Pitieni soko la Mgandini. Onyesha shule, kisima, uwanja, kona ulipoangukia na baiskeli. Sema mambo madogo. Historia ya mji itakuja yenyewe mkifika ufukweni kwenye Bustani ya Jamhuri na mtoto akauliza yale majengo ya zamani ni ya nani.

Ukienda makaburini, nenda asubuhi hiyo hiyo na mwenyeji anayejua kaburi lilipo. Makaburi mengi hayana maandishi, na majani yakishaota huwezi kulitambua peke yako. Beba panga na maji, na umlipe kijana wa kusafisha.

Hatua ya 8. Nyumba mliyokulia

Ikiwa bado ya ukoo, ingieni kama wageni wengine, kwa hodi. Ikiwa imeuzwa au ina wapangaji, simama nje, piga hodi, jitambulishe kwa jina la mzazi wako na mwaka mliohama, omba kuwaonyesha watoto uani. Wengi watakukaribisha. Peleka kilo mbili za sukari. Usiingie vyumbani, usipige picha mpaka uruhusiwe, na usiseme "hapa palikuwa pazuri zamani" mbele ya mtu anayeishi hapo.

Usiende baba peke yako mchana wanaume wakiwa kazini. Nenda na mama watoto au na mwenyeji.

Hatua ya 9. Chagua sehemu moja tu ya kutembelea

Jumamosi mchana au Jumapili asubuhi, moja kati ya hizi:

Mapango ya Amboni yako takriban kilomita 8 kaskazini, ukiwa unaelekea Horohoro. Yanafaa watoto wa miaka saba na kuendelea. Vaeni viatu vya kufunika, si ndala; kuna giza, popo, na njia za kuinama. Mwongozaji yupo, kila mmoja abebe tochi yake. Mwombe awasimulie habari za Osale Otango, aliyejificha humo enzi za Waingereza. Mwenye pumu abaki nje.

Tongoni iko kusini, kwenye barabara ya Pangani, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari. Ni magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita. Ni patulivu, watoto wadogo wanachoka haraka, lakini kwa mtoto wa sekondari anayesoma kwenye kitabu habari za miji ya pwani na kuja kwa Wareno, hakuna somo bora. Vasco da Gama alipita pwani hii 1498, na mwaka uliofuata akiwa anarudi aliichoma hapa karibu meli yake moja.

Raskazone ni kwa familia inayotaka kuogelea tu. Uliza maji yanajaa saa ngapi. Yakipwa watoto watakutana na matope na mawe. Mkiwa huko waonyeshe bahari iliyoleta majeshi ya Waingereza na Wahindi Novemba 1914, yakashindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, na nyuki nao wakayavamia. Watoto wa kiume hasa hawaisahau habari ya nyuki.

Au mpira. Coastal Union wakiwa nyumbani Mkwakwani, mpeleke mtoto na babu yake, na babu amweleze ubingwa wa 1988. Mimi kwa babu anayetembea ningechagua hii kabla ya mapango.

Hatua ya 10. Jumapili: kuaga

Rudi kwa mzee yule yule wa Ijumaa. Omba dua. Hapo ndipo unapompa mkono, kimya kimya, noti ikiwa imekunjwa. Watoto waage mmoja mmoja.

Acha nafasi kwenye buti, kwa sababu hamtaondoka mikono mitupu: nazi, mihogo, machungwa, pengine kuku. Usikatae. Machungwa mengine mtayapata Muheza kando ya barabara.

Tokeni saa 4 asubuhi, saa 5 ikizidi sana. Mkichelewa hadi saa 8 mtaingia Kibaha gizani, katikati ya foleni ya wanaorudi kazini.

Mambo yakienda kombo

*Kuna msiba mmeukuta.* Ratiba imekwisha. Nendeni msibani, mama akae na wanawake, baba na wanaume, watoto wakubwa wasaidie kugawa maji. Wadogo mtafutie jirani wa kukaa nao.

*Ndugu amenuna kwa sababu hamkufika kwake.* Mpigie kabla hamjavuka Segera, usingoje mfike Dar. Omba radhi bila kueleza sana, na mwambie safari ijayo mtaanzia kwake. Kisha kweli muanzie kwake.

*Maombi ya fedha yamezidi bahasha.* Usiahidi kwa aibu. Sema "nimekusikia, nitakupigia Jumatano," na upige Jumatano hata kama jibu ni hapana.

*Mtoto anatapika njiani.* Mkalishe mbele kidogo kama ni basi, dirisha wazi, asitazame simu. Mpe maji kidogo kidogo na kipande cha tangawizi. Msile chipsi mayai Segera na kuendelea hapo hapo. Pumzikeni nusu saa.

*Mvua kubwa, hasa Machi hadi Mei.* Acheni mapango na barabara za vumbi. Nendeni makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani la Wajerumani, au kaeni nyumbani mpike pamoja.

*Hakuna anayewakumbuka mtaani.* Tafuta fundi cherehani, muuza duka au mtu wa msikitini mwenye umri wa mzazi wako. Taja jina la baba na la babu, taja na kazi waliyofanya: bandarini, reli, mkonge. Kazi hukumbukwa hata jina likisahauliwa.

*Mtoto ana homa baada ya kurudi.* Ndani ya wiki mbili tatu, usisubiri ipite yenyewe. Mpeleke apimwe malaria, na mwambie daktari mlilala Tanga.